Harrier "Anaconda" au Lexus RX: ipi inaifaa familia yako?

Shemeji yangu, mume wa dada, alitembea na picha mbili kwenye simu kwa karibu miezi mitatu. Ya kwanza ni Toyota Harrier ya 2017, nyeupe, ile ambayo mitaani Tanzania tunaiita Anaconda. Ya pili ni Lexus RX 200t ya 2016, nyeusi, viti vya ngozi rangi ya kahawia. Wana watoto watatu, na mama yetu hushuka kutoka Moshi mara mbili tatu kwa mwaka kukaa nao. Kila aliyeulizwa alijibu kwa alichonacho: mwenye Harrier alisifu Harrier, mwenye hamu ya Lexus alisifu Lexus. Mwisho tukakaa mezani, mimi na yeye na dada, tukayapima magari yote mawili kwa maswali yaleyale. Naandika hapa tulichokipata, kwa sababu najua wengi wamekwama palepale.

Maswali yetu yalikuwa haya: hadi lipate namba litakuwa limekula kiasi gani, linakunywaje mafuta na lina nguvu gani barabara kuu, watu wanakaaje ndani, likiharibika spea inapatikana wapi na nani analijua, linavumiliaje barabara zetu, na siku ya kuliuza litauzika vipi. Uzuri wa sura hatukuuweka. Hapo kila mtu ana macho yake.

Kwanza, ukoo wao

Utasikia dalali akisema "Harrier ni Lexus, tofauti nembo tu." Ni kweli, lakini si kwa gari hili. Harrier ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1997, na mwaka uliofuata gari hilohilo likauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Kizazi cha pili, cha 2003, ndicho kile tulichokipa jina la Tako la Nyani. Nacho nje ya Japani kiliuzwa kama RX. Lexus ilianza kuuzwa rasmi ndani ya Japani mwaka 2005, na baada ya hapo ndugu hawa wakatengana. RX ikaendelea kukua. Harrier iliyozinduliwa mwishoni mwa 2013 ikajengwa juu ya msingi wa RAV4, ikauzwa hadi 2020. Hiyo ndiyo Anaconda, na mbele yake bado ina nembo ya mwewe badala ya ile ya Toyota, kwa sababu Harrier yenyewe ni jina la ndege wa jamii ya mwewe.

RX tunayoizungumzia ni ya kizazi cha nne, iliyoanza 2015 na kuisha 2022. Kwa hiyo unapolinganisha hizi mbili hulinganishi nembo mbili za gari moja. Unalinganisha RAV4 iliyovalishwa vizuri na gari lililokusudiwa kuwa la kifahari tangu mchoro wa kwanza.

Gharama hadi namba

Kitu cha kwanza kinachowashangaza watu ni kwamba kwenye ukubwa wa injini Lexus haikuadhibu kama unavyodhani. Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa gari lenye injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000, na asilimia 10 likizidi hapo. Harrier ya kawaida ina cc 1986. RX 200t ina cc 1998. Zote zinapita chini ya kamba. Ukichukua haibridi, ile yenye injini ya petroli na mota ya umeme, mambo yanageuka: Harrier haibridi ina injini ya lita 2.5, na RX 450h ina cc 3456, zote ziko upande wa pili wa mstari.

Kinachoipandisha Lexus ni thamani yenyewe. Ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa na VAT vyote hukokotolewa juu ya thamani ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) imeiweka kwa gari la aina hiyo na mwaka huo, na thamani ya RX iko juu. Halafu kuna umri. Gari likifikisha miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15 ya uchakavu, likizidi 10 linaongezewa 30. Hapa ndipo Anaconda za 2014 na 2015 zinapowatia watu hasara: bei ya Japani inavutia, ushuru unaila ile nafuu yote. Kabla hujatuma hela ingiza mwaka na aina kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, ulinganishe gari la mwaka huo na la miaka miwili mbele yake. Mara nyingi tofauti inakuwa ndogo kuliko ulivyofikiri. Ndugu zetu wa Kenya hawana hata uchaguzi huo, kwani gari la zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingia.

Bima kubwa nayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo Lexus itakuja na bili yake kila mwaka, wala si siku ya kwanza tu.

Kwa ufupi, bajeti ileile inakupa Harrier mpya zaidi au RX ya zamani zaidi. Ukiona RX ya mwaka uleule na bei ileile na Harrier, shuka chini uulize kwa nini. Omba karatasi ya mnada wa Japani, soma kilomita na daraja la hali ya gari, uthibitishe namba ya chasisi. Kurudisha nyuma kilomita si hadithi.

Injini na mafuta

Harrier ya kawaida ina farasi 151 na msukumo wa Nm 193, inapeleka magurudumu kwa gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua. Mjini hutaona upungufu wowote. Inaondoka taratibu, haina kelele, haikupi presha. Kwa kipimo rasmi cha Japani inakwenda karibu kilomita 16 kwa lita. Kwenye foleni ya Ubungo toa sehemu kubwa ya namba hiyo, lakini bado utakuwa salama.

RX 200t ina farasi 238 na Nm 350, na msukumo huo unapatikana kuanzia mizunguko 1650, yaani ukigusa tu. Ni gari zito, linakaribia tani mbili, na kipimo chake rasmi ni kilomita 11 na kidogo kwa lita. Tena mtengenezaji anataka ule petroli ya daraja la juu, wakati Harrier isiyo na turbo ilitengenezwa kula ya kawaida.

Tofauti hii unaihisi ukipanda mlima Kitonga, njia ya Mbeya. Umebeba familia, buti limejaa, mbele yako kuna lori la shehena linapanda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Na Harrier unasubiri, unapima mara mbili, unakanyaga, CVT inapandisha mlio wa injini kabla ya mwendo kufuata. Na RX unakanyaga na gari linakwenda. Mtu anayesafiri Dar hadi Mbeya mara moja kwa mwaka hahitaji kulipia hilo. Anayesafiri kila mwezi na watoto nyuma, mimi siwezi kumwambia kuwa nguvu ya kuovateki ni anasa.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui. Kuanzia Juni 2017 Harrier ilipofanyiwa marekebisho, ilipata toleo la turbo la lita 2.0, injini ya ukoo uleule wa ile ya RX, farasi 231, na gia ya kawaida ya hatua 6. Si nyingi sokoni, lakini ukiipata safi imejibu nusu ya mgogoro.

Haibridi za pande zote mbili ni kitu kizuri kwa anayeshinda kwenye foleni. RX 450h kwa kipimo cha Japani inafika karibu kilomita 18 kwa lita pamoja na ukubwa wake wote. Ila jambo moja wenye watoto walisikie. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia matundu yaliyo miguuni mwa abiria wa nyuma. Nilipoinama kuchungulia matundu hayo kwenye gari moja yadi, nilikuta makombo ya biskuti, uzi wa sweta na kipande cha karatasi ya pipi. Betri isiyopata hewa inazeeka haraka. Yasafishwe kila sevisi, na marufuku kuweka begi la shule mbele yake.

Watu ndani

Siku ya kwenda yadi tulimchukua na mama. Alipanda Harrier kwanza, akashika nguzo ya mlango, akaingiza mguu wa kulia, akakaa bila kusaidiwa. Kwenye RX ilikuwa hivyohivyo, ila alipokaa alinyoosha miguu, akaegemea, akakaa kimya kidogo. "Baba Neema," akamwambia shemeji, "hapa mtu analala mpaka Moshi."

Hakukosea. RX ina sentimita 13 zaidi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na abiria wa nyuma anaihisi tofauti hiyo magotini. Ni pana kwa sentimita 6. Milango ikifungwa kelele za nje zinabaki nje. Ukichukua daraja la version L, viti vya mbele vinapuliza hewa mgongoni, na mwenye kukaa Dar mwezi wa pili anajua maana ya kitu hicho.

Harrier si duni, na hili nalisema kwa moyo wote. Daraja la PREMIUM lina dashibodi iliyoshonwa uzi, kiti cha umeme, na ukimya ambao RAV4 ya wakati wake haina. Mtu asiyepanda RX siku hiyohiyo hatalalamika chochote. Watoto wawili na mtu mzima mmoja nyuma wanakaa vizuri. Viti viwili vya watoto na mtu mzima katikati ndipo mabega yanapogusana. Kwenye RX inabana pia, ila inavumilika.

Sasa hesabu iliyotukwamisha sote: baba, mama, watoto watatu, ni watu watano. Bibi akija ni sita. Magari yote mawili yana viti vitano. Miezi mitatu ya kuangalia picha na hakuna aliyehesabu vichwa! Lexus ilitoa RX 450hL mwishoni mwa 2017 yenye safu ya tatu, inayowafaa watoto zaidi kuliko watu wazima. Harrier ya namna hiyo haipo.

Kuhusu redio na skrini, Harrier nyingi za daraja la chini zinakuja na mfumo unaotoka, unaweka skrini ya Android na maisha yanaendelea. RX mfumo wake umeshonwa ndani ya gari, huwezi kuung'oa kirahisi. Zote mbili zikitoka Japani zina redio inayoishia 90 au 95 MHz wakati vituo vyetu vinafika 108, na nyingi zitadai kadi ya ramani mara tu fundi anapochomoa betri. Muulize muuzaji kadi iko wapi kabla hujalipa.

Spea na mafundi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia nyingi zinapoumia.

Harrier inashiriki vitu vingi na RAV4. Tairi la inchi 17 ni 225/65, saizi ambayo kila duka linayo. Breki pedi, bushi, shokapu, filta, unavipata Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, vipya na used kutoka Japani, kwa bei za ngazi tatu nne. Fundi wa mtaani ameshaifungua mara nyingi. Hatari yake kubwa ni uzoefu huohuo wa fundi: atataka kuweka ATF, mafuta ya gia za otomatiki za kawaida, kwenye gia ya CVT kwa sababu "mafuta ya gia ni mafuta ya gia." Si kweli. CVT ina mafuta yake, yameandikwa kwenye kitabu cha gari, na ukikosea gia nzima inakufa. Nunua mwenyewe, simama pale yanapomiminwa.

Nilimfuata fundi ninayemwamini kumwuliza kuhusu RX. Alifuta mikono kwa tambara, akasema, "Kaka, Lexus kuharibika haiharibiki ovyo. Shida yake uipate spea Jumamosi mchana na Jumatatu unatakiwa kazini." Injini ya 200t si ngeni kwake, kwani Crown Athlete za turbo za kuanzia 2015 zimetumia ya ukoo huohuo, kwa hiyo plagi, filta na sensa kadhaa zinajulikana. Kinachosumbua ni mwili wa gari. Taa za mbele za LED, saidi mira yenye kamera na mota zake, bampa lenye sensa, grili yenyewe: hivi havikai dukani vikikungoja, huagizwa. Tairi la inchi 20 ni 235/55, halipatikani kila kona, na shimo moja usiku linaweza kumaliza tairi na rimu. Ukiamua RX, tafuta yenye rimu za inchi 18. Inapanda matuta kwa upole zaidi na itakuokolea hela.

Na wezi wa taa na saidi mira wanaijua nembo hiyo kuliko tunavyoijua sisi. Usipokuwa na geti na mahali pa kulaza gari, liweke hilo kwenye hesabu.

Barabara zetu

Wala moja si gari la porini. Zote hazina chasisi ya ngazi kama ya lori, zote msingi wake ni kuvuta kwa magurudumu ya mbele, na hata yenye magurudumu manne huamsha ya nyuma pale inapohitajika tu. Barabara ya vumbi ya Goba au Kivule wakati wa mvua, zitapita ukiwa na akili. Tope la kijijini la kuzamisha tairi, achana nazo zote mbili.

Harrier haibridi iko chini kidogo kuliko ya petroli tupu, jambo la kuangalia kama mtaani kwenu matuta yamejengwa kwa hasira. RX ni ndefu kwa karibu sentimita 17, na kwenye vichochoro vya Kariakoo au Mwananyamala sentimita hizo utazisikia kila siku.

Kwa usalama, Harrier za kuanzia Juni 2017 zote zina mfumo wa kuonya na kufunga breki zenyewe. Za nyuma ya hapo usidhani, kagua gari lenyewe. Kwenye RX pia hakikisha kwa daraja na mwaka.

Kuuza

Harrier ukiitangaza asubuhi, jioni una simu. RX ina mnunuzi wake, ni mmoja mmoja, anataka historia ya sevisi na anapunguza bei sana akiona taa moja kwenye dashibodi haizimi. Atakayekaa na gari miaka 7 na kuendelea hana haja ya kuhangaika na hili. Mwenye tabia ya kubadilisha kila miaka miwili ahangaike nalo.

Sasa, wewe uko wapi?

Kama gari ni moja tu nyumbani, linapeleka watoto shule, linakupeleka kazini, na likilala gereji siku nne maisha yanasimama, chukua Harrier ya petroli ya kawaida, ya baada ya Juni 2017, na akiba inayobaki iweke kwa sevisi na tairi.

Kama safari ndefu ni sehemu ya kazi au ya ukoo wako, una gari jingine la kushikilia, una mahali salama pa kulaza gari, na unaweza kutenga hela ya kuagiza kifaa kimoja kikubwa bila kukopa, RX 200t itakupa raha kila kilomita, na abiria wako watakushukuru. Usiinunue kwa senti ya mwisho. Ukibakiwa na sifuri baada ya kulipia namba, hiyo RX bado si yako.

Kama foleni ndiyo maisha yako, angalia haibridi za pande zote, ila beba fundi mwenye mashine ya kupima betri kabla ya kulipa. Kama moyo unataka nguvu ya Lexus na mfuko unataka spea za Toyota, tafuta Harrier ya turbo kwa subira.

Unayeishi mkoani, mbali na Dar, Arusha au Mwanza, mimi ningeelekea Harrier, kwa sababu basi la usiku likikuletea kifaa kutoka Gerezani, asubuhi fundi wa hapo anakijua.

Na kama mko sita, kama kwa dada yangu, weka picha zote mbili pembeni kwanza. Angalia RX 450hL kama hela ipo na anayekaa safu ya tatu ni mtoto. La sivyo tafuta gari la viti saba lililozaliwa hivyo, Noah au Prado, ukalipime kwa maswali haya haya. Shemeji alifuta picha ya Lexus nyeusi jioni ileile. Ya Harrier bado anayo, na juu yake ameongeza Prado tatu.